Chumba cha Kuchonga Picha

Mjomba wangu alikuwa na duka la madaftari, karatasi na kalamu pale Nachingwea mjini, jirani na soko. Uani, nyuma ya duka, kulikuwa na chumba alichokuwa akiweka magunia ya korosho kusubiri bei ipande. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili aliyatoa magunia, akapaka chokaa, akaziba dirisha kwa matofali kwa sababu ya vumbi na wezi, akaingiza kompyuta. Kisha akaniingiza mimi.

Sikuingizwa kwa nguvu. Baba yetu alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya mto Ruvuma. Vita vya kwao vilipokwisha alisema anakwenda kuwaangalia ndugu zake, tukamsubiri, na baadaye tukaacha hata kusema kwamba tunamsubiri. Mama alibaki na shamba lake Mtua. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mkubwa wa upande huo ni mjomba. Yeye ndiye aliyeninunulia sare, akanisomesha mpaka kidato cha nne, halafu akanipeleka Dar es Salaam kwa jamaa yake mmoja nijifunze kompyuta na kupanga kurasa za vitabu. Tuliporudi na ile mashine kwenye basi, alikataa isifungwe juu na mizigo. Nilikaa nimeipakata skrini njia nzima, na kila basi liliporuka shimo alininyooshea mkono, si kunishika mimi, bali kuishika skrini.

Aliniita "mama," kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Sikumbuki siku aliyonipandishia sauti.

Kazi yetu ilikuwa kadi za harusi, kalenda, vipeperushi vya mikutano na vijitabu vya sherehe. Tuliandaa kila kitu pale, tukaandika kwenye sidii, tukampa kondakta wa basi aipeleke kiwanda cha uchapaji Dar es Salaam. Na karibu kila kazi ilitaka picha ya mtu aliyetolewa pale alipokuwa amesimama. Mtu alipigwa picha mbele ya choo cha shule au karibu na mbuzi, na kwenye kalenda anataka kuonekana juu ya rangi ya kijani safi, hakuna mbuzi wala choo. Kazi ya kumtoa tuliita kuchonga. Mjomba ndiye aliyeanza kuiita hivyo, akiwafikiria wachonga vinyago wa upande wa baba yangu.

Kalenda yangu ya kwanza ilikuwa ya chama kimoja cha wakulima. Nilimtoa mwenyekiti vizuri kabisa kwenye ukuta wa ghala, nikamweka kwenye ukurasa wa kijani, nikatuma. Kalenda zikarudi mwenyekiti akiwa ndani ya boksi jeupe, kama stempu. Mjomba alizitazama muda mrefu. Alikwenda mwenyewe kuomba radhi, na jioni akapiga simu kiwandani, akanipa mkono wa simu.

Fundi wa kule alikuwa mtu mzima, mpole. "Dada," aliniambia, "hiyo namna unayohifadhia picha haijui kuacha mahali wazi. Wewe umeubomoa ukuta nyuma ya mtu, yenyewe inamjengea ukuta mwingine mweupe." Akanielekeza namna nyingine ya kuhifadhi, na akanifundisha kutumia ile kalamu ya kwenye programu: unaweka nukta ukingoni mwa mtu, unaweka nyingine, unaupinda mstari ufuate bega, shingo, sikio, mpaka urudi ulipoanzia. Ukimaliza, kila kilicho nje ya mstari kinapotea, na mahali pake panatokea viraba vidogo vya kijivu na vyeupe, alama ya kompyuta kwamba hapo hapana kitu.

Mwenyekiti alipokuja kuona picha yake ya marudio, alivikodolea macho vile viraba.

"Mbona mmeniweka kwenye ubao wa drafti?"

"Hiyo ni alama tu, mzee. Hapo hapana kitu."

"Kama hapana kitu, drafti imetoka wapi?"

Mjomba alimwapia kwamba haitachapwa. Hakuamini mpaka kalenda zilipofika.

Nilikuwa na mkono mzuri, nadhani naweza kulisema hilo. Nilijifunza kwamba nywele hazikatwi kwa mstari bali huachwa zififie. Nilijifunza kwamba sikio likikatwa kidogo tu ndani mtu anabadilika, hata ndugu zake wanashindwa kusema kimebadilika nini. Watu wakaanza kuja kutoka Ruangwa kwa sababu yangu, ingawa wengi hawakuniona. Waliongea na mjomba kaunta, wakaacha picha, wakaondoka, na picha zikapitishwa uani kwangu. Niliwajua watu wa wilaya mbili kwa kingo zao. Ningeweza kumtambua mtu sokoni kwa ukosi wa shati lake, na yeye asijue nimetoka wapi.

Sokoni kwenyewe nilikwenda mara chache. Kazi ilikuwa nyingi, na umeme ulikuwa wa kuvizia. Ukiwepo unakaa, maana hujui utakatika saa ngapi. Chumba kilikuwa na mlango mmoja wa bati uliofungukia uani. Ndipo duka moja la jirani lilipoibiwa kompyuta mchana kweupe, mwenye duka akiwa msikitini. Siku ya pili yake mjomba alinunua kufuli.

"Nikitoka nitakufungia kidogo, mama," alisema. "Wakija wakakuta kufuli watajua hakuna mtu, watapita."

Niliona ni sawa. Alinifungia akienda kuswali, akienda benki, akienda kusalimia mgonjwa. Kabla ya kufunga alihakikisha nina chupa ya chai na maandazi. Baadaye akaleta na ndoo yenye mfuniko, akaiweka pembeni nyuma ya pazia bila kusema ni ya nini, nami sikuuliza. Tulikuwa watu wa heshima, na heshima hiyo ilitufanya tusizungumze mambo mengi. Nikawa nafanya kazi huku nasikia kufuli likibana kwa nje, na mkono wangu hausiti hata kidogo.

Yule fundi wa kiwandani ndiye aliyeniulizia. Nilikuwa nimekaa chumbani mle kama miaka mitatu. Mjomba alikuja na habari hiyo waziwazi, akiwa na vikombe viwili vya chai.

"Wa kiwandani wamepiga simu. Wanasema wanataka mtu wa kuchonga picha na kupanga kurasa, aketi hapo hapo kwao. Wamekutaja wewe."

Nikaweka kikombe chini. "Umewaambiaje?"

"Nimewaambia una kazi za watu mkononi." Akanywa chai. "Tumalize msimu huu wa korosho, mama. Msimu ukiisha tutaongea."

Hakukataa. Msimu ukaisha, ukaja ufuta, na kadi za harusi za baada ya mavuno, halafu kalenda za mwaka mpya, halafu msimu tena. Kila nilipokusanya ujasiri wa kumkumbusha, mezani kulikuwa na kazi aliyokwisha kuipokea, nami nisingeweza kusema tuirudishe. Nilizungushwa hivyo bila mtu kunizungusha. Nilianza kuota viraba vya drafti. Katika ndoto vilianzia ukingoni mwa kanga yangu na kwenda mbali pande zote, nami nikiwa na kazi ya kukaa katikati nisisogee.

Mwaka uliofuata ikaja kazi ya shule moja ya msingi wilayani Ruangwa. Walikuwa wanaandaa sherehe ya kumbukumbu ya kufunguliwa kwake, na kamati ilitaka kijitabu. Ukurasa mkubwa wa katikati ulikuwa wa walimu wote waliowahi kufundisha pale, walio hai na waliofariki, wamesimama pamoja mstari mmoja juu ya rangi ya bluu iliyopauka, kana kwamba siku moja walikutana. Kila mwalimu achongwe kutoka kwenye picha yake. Ilikuwa masika, na picha hazikuletwa kwa wakati, basi mjomba akaamua kuzifuata mwenyewe. Asubuhi aliyoondoka alinifungia.

"Saa nane nimerudi," alisema.

Umeme ulikatika kabla ya adhuhuri. Chumba kisicho na dirisha, mchana ni giza kama kaburi, isipokuwa mstari mwembamba wa mwanga chini ya mlango. Niliketi sakafuni karibu na mstari huo. Mvua ilipiga bati, ikaacha, ikapiga tena. Saa nane ilipita, na adhana ya alasiri ikaniambia kwamba gari alilopanda mjomba limekwama mahali.

Ndipo niliposikia viatu vya plastiki uani, na sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Hodi humu."

"Karibu," nikajibu kwa mazoea, halafu nikakumbuka sina namna ya kumkaribisha.

Nikamsikia akiligusa kufuli. "Mbona kufuli liko nje na sauti iko ndani?"

"Mwenye duka amesafiri, mama. Anarudi sasa hivi. Shikamoo."

"Marahaba. Kwa hiyo umefungiwa?"

"Hapana. Ni utaratibu wa ofisi."

Nilijisikia nikisema hivyo. Nilisema kwa sauti ile ile ya kaunta, sauti ya kumweleza mteja kwamba kadi zitakuwa tayari Ijumaa. Nilimsikia yule mama akishusha mzigo, halafu akakaa chini, kanga yake ikaziba nusu ya mwanga wangu.

"Mimi nimetoka Mandawa," alisema. "Nimepishana na mwenye duka, nimeambiwa yeye yuko huko huko kwetu anatafuta picha. Mume wangu alifundisha shule hiyo mpaka Mungu alipomchukua. Picha yake ninayo hapa. Nitakupaje?"

"Ipitishe chini ya mlango."

Ilikuja polepole, ikisukumwa kwa kidole. Nililaza shavu sakafuni niione kwenye ule mstari wa mwanga. Ilikuwa picha ya studio, ya nyeusi na nyeupe, ya siku yao ya harusi. Mwanamume mrefu wa koti kubwa kumzidi, na kando yake msichana wa rika langu, kitambaa kichwani, amemshika mkono juu ya kiwiko kwa vidole vyote, kama mtu aliyeambiwa sogea karibu naye akasogea kweli.

"Unaiona?"

"Naiona. Nyingine hamna?"

"Hamna. Hakupenda picha. Wamesema ukurasa ni wa walimu tu, na mimi sikuwa mwalimu. Wakasema kuna binti Nachingwea anajua kumtoa mtu na aliyebaki asidhurike."

"Ndiyo, mama. Nitakutoa. Picha yenyewe haiguswi, nitakurudishia ilivyo."

"Sasa nikitoka, huo mkono wangu unaenda wapi? Nimemshika hapo."

Nilimweleza kazi kama ilivyo. Kwamba nitapitisha mstari kwenye koti lake, niondoe vidole, halafu nichukue kipande cha koti kutoka upande mwingine nizibe pale palipokuwa na vidole, na mtu hatajua.

"Unaweza hivyo?"

"Naweza."

"Basi hapo," alisema, "naomba ushindwe."

Mvua ilikuwa imeanza tena, nikamsikia akijivuta chini ya ukingo wa bati. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekunywa chai asubuhi. Alifungua mzigo wake na korosho za kuchoma zikaanza kuingia chini ya mlango, moja moja, maana nafasi haikuruhusu zaidi. Nilizila nikiwa nimelala kifudifudi. Katikati ya kula nikaanza kulia, na nilijitahidi asisikie, lakini bati halifichi kitu.

"Unalia, mwanangu?"

"Vumbi tu."

"Mvua hii, vumbi gani."

Mbali kidogo honi ya gari ililia, ile ya magari ya Ruangwa yanayokusanya abiria wa mwisho. Nikamwambia awahi.

"Litaondoka," alisema. "Nina mdogo wangu hapa Nambambo, nitalala kwake. Siwezi kumwacha mtoto wa mtu gizani na ndoo."

Sikuwa nimemwambia habari ya ndoo. Labda aliinusa.

Mjomba alifika adhana ya magharibi ikikaribia, tope mpaka magotini. Nilisikia hatua zake zikisimama alipomwona mgeni. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za njia. Kisha yule mama akamuuliza, taratibu kabisa:

"Huyu uliyemfungia humu ni nani yako?"

"Ni mtoto wa dada yangu."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Angekuwa mtoto wa mtu baki ningemwita mjumbe wa nyumba kumi."

Mjomba akatoa funguo. Alihangaika na kufuli muda mrefu kabla ya kulifungua. Mlango ulipofunguka mwanga uliniumiza macho, sikumwona vizuri yeye wala mgeni. Aliniona mimi sakafuni, na maganda ya korosho mbele yangu.

"Kwa nini hukuniambia?" aliniuliza.

Angenipiga nisingeumia vile, kwa sababu aliuliza kwa kweli. Alikuwa hajui. Nikaanza kuokota maganda.

Asubuhi yake alinikabidhi kufuli na funguo zake. "Kaa nazo wewe. Ukitaka, jifungie kwa ndani." Hatukulizungumzia tena. Mlango ukawa wazi, jogoo wa jirani akawa anaingia mpaka chini ya meza, nami nikaendelea kukaa saa zile zile, mgongo kwa mlango. Siku chache nilikwenda sokoni bila haja yoyote, nikazunguka mafungu ya mbaazi na viazi pori vya ming'oko, nikarudi. Kazi ya watu ilikuwa inasubiri.

Nilimwomba ruhusa ya Dar es Salaam wiki hiyo hiyo, nikidhani aibu ya siku ile itanisaidia.

"Tumalize kitabu cha Ruangwa," alisema.

Nikaenda Mtua kwa mama. Nilimkuta anapukuchua mbaazi, nikakaa nikamsaidia, nikamweleza yote, la kufungiwa pia. Alisikiliza bila kunyanyua macho.

"Mjomba wako amekukataza kwenda?"

"Hajanikataza."

"Basi."

"Hajaniruhusu pia, mama."

"Ulipokuwa huna viatu vya shule, aliombwa? Alileta mwenyewe." Akapepeta ungo. "Ukiondoka wewe, ile mashine itakaa na nani? Ameuza mikorosho ya urithi ili uwe pale. Mimi nitamtazamaje ndugu yangu?"

Nilirudi Nachingwea na kifurushi cha mbaazi za mjomba.

Picha ya mwalimu wa Mandawa niliifanya ya mwisho. Niliitia kwenye skana, nikaisafisha madoa, nikaanza na kiatu cha kushoto. Nilipanda na suruali, na koti, nikazunguka bega na sikio, nikateremka upande wa pili mpaka nilipofika kwenye kiwiko. Hapo mstari ulitakiwa upite ndani ya vidole. Niliupitisha nje. Niliviacha vidole vyote, na kiganja, na kifundo chenye bangili nyembamba, halafu nikaufifisha mkono pale unapoanza kuwa wa mtu mwingine. Msichana mwenyewe akaenda kwenye drafti. Vidole vikabaki kwenye koti.

Mjomba aliona ukurasa mzima jioni ulipokamilika. Aliwahesabu walimu, akafurahi, kisha akasogea karibu na skrini.

"Hapa umesahau mkono."

"Sijasahau."

Alinitazama, akarudi kuutazama mkono. Nilijua anakumbuka ile jioni ya tope. "Kamati watauliza."

"Najua, mjomba."

Alisimama pale mpaka nikadhani atasema niufute. Akasema tu, "Andika kwenye sidii. Basi linaondoka alfajiri."

Vijitabu viliporudi, alisema twende wote Ruangwa kuvipeleka. Sikuwa nimetoka Nachingwea kwa muda mrefu kiasi kwamba nilitazama njia nzima bila kuchoka: mashamba ya ufuta, mikorosho iliyofungamana juu ya barabara, watoto wenye madumu. Uwanjani pale shuleni palikuwa na watu wengi, na miongoni mwao niliwaona niliowachonga. Ilikuwa ajabu kuwaona wana miguu yenye vumbi na vivuli, wanaongea, wameegemea ukuta, wamebeba watoto. Mwalimu mmoja mstaafu ambaye nilimtoa kwenye picha ya mazishi alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Hakuna aliyenifahamu.

Vijitabu vilipogawiwa, mwenyekiti wa kamati alifungua katikati, akainua miwani.

"Huu mkono wa nani huu?"

Watu wakainamia kurasa zao. Wengine wakaanza kucheka, mtu mmoja akasema kuna mwalimu amekuja na jini lake. Mwenyekiti akasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba ni kosa la wachapaji wa Dar es Salaam na tusamehe.

Mama wa Mandawa alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Nilimtambua kwa vidole kabla ya uso. Alisimama, akajifunga kanga vizuri.

"Ni wangu," alisema, akakaa.

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti akakohoa, akasema hata hivyo makubaliano yalikuwa walimu tu, na kosa ni kosa. Ndipo mjomba wangu, mtu ambaye maisha yake yote aliogopa kumuudhi mteja, alipoinua mkono.

"Si kosa, mwenyekiti. Wala si la Dar es Salaam. Ofisi yangu iliuacha kwa makusudi. Kama kuna lawama, ni zangu."

Hakunitaja. Sherehe ikaendelea, ngoma ikaingia. Yule mama alikuja baadaye akanishika mashavu mbele ya watu, akaniambia nimekonda, na kwamba Mandawa kwake ni kwangu. Nilimrudishia picha yake. Aliikagua mbele na nyuma, akaitia kifuani.

Tukirudi, tulikaa mbele na dereva, mjomba katikati. Nilidhani siku kama ile ndiyo siku yenyewe. Nikamwambia, "Mjomba, kitabu cha Ruangwa kimekwisha."

Alijibu tulipopita daraja. "Nikwambie ukweli, mama. Naogopa. Mikorosho nimeuza, korosho sinunui tena, duka la madaftari peke yake halilishi watu. Kila nilichonacho kimesimama juu ya mikono yako. Ukitaka kwenda, nenda. Ila nakwambia naogopa."

Afadhali angenikataza. Aliyekukataza unaweza kugombana naye, ukafunga mzigo kwa hasira. Nilitazama nje mpaka Nachingwea, na kesho yake asubuhi nilifungua mlango wa bati nikawasha kompyuta.

Nilikaa miaka mingine mingi. Fundi wa kiwandani aliulizia tena mara moja, halafu akaacha. Zikaja simu zenye kamera, yakaja maduka mengine yenye vijana waliotoka Dar es Salaam na programu zinazomtoa mtu kwenye picha kwa kubonyeza mara moja, masikio yamekatwa lakini bei ni ndogo, na wateja hawakujali masikio. Kazi ikapungua. Mjomba akaugua sukari, macho yakaanza kumpotea, mguu ukaanza kuoza. Nikawa namkanda, nampikia uji, nampeleka hospitali, na katikati yake nachonga picha moja mbili.

Asubuhi moja nikimfunga bandeji aliniambia, "Mama, wale wa Dar es Salaam. Sasa nenda."

"Sasa, mjomba?"

"Sasa nimekuruhusu."

Nilifunga bandeji mpaka mwisho nikaikaza. "Sasa siwezi," nikamwambia. Alielewa. Aligeuka akaangalia ukutani, nami nikaenda kumwaga maji.

Alifariki mwaka uliofuata, mikorosho ikiwa kwenye maua. Baada ya arobaini ukoo ulikaa Mtua, na kwa desturi yetu duka likawa langu, mtoto wa dada. Wazee walinipa funguo mbele ya watu, wakaniombea dua niliendeleze. Nilizipokea kwa mikono miwili. Wageni walipoondoka nilikwenda jikoni kwa mama, nikamwekea funguo zile kwenye kiganja.

Alizitazama. "Unakwenda?"

"Nakwenda, mama."

Nilijiandaa kwa maneno ya viatu vya shule. Hakuyasema. Alizifunga funguo kwenye pindo la kanga, akaniuliza kama nitaondoka na basi la alfajiri au la mchana, ili ajue lini apike. Duka alilipangisha kwa muuza salfa, dawa ya mikorosho, ambaye yuko pale mpaka leo.

Dar es Salaam kile kiwanda hakikuwepo tena. Nilitafuta miezi kadhaa, nikapata nafasi kwa wachapishaji wa vitabu vya shule, kupanga picha kwenye kurasa. Tuko wanne chumba kimoja. Wiki za mwanzo nilikuwa natoka kila baada ya muda mfupi, nasimama kwenye ujia, nashuka ngazi mpaka getini, narudi. Mwenzangu wa meza ya jirani, dada mmoja mchangamfu, alinitazama siku nyingi kabla ya kuuliza.

"Unaumwa, dada?"

"Siumwi. Nanyoosha miguu tu."

"Basi ukishuka tena," alisema, akinipa chupa tupu bila kuondoa macho kwenye skrini, "niletee maji."